Gome la Saruji

Mti huanza na chuma. Fundi hukunja nondo, huzifunga kwa waya mpaka litokee umbo la shina na mizizi mipana ya ubavuni, kisha huzungushia wavu wa chuma na kupuliza saruji kwa bomba. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, maana saruji mbichi haimsubiri mtu. Kwa mwiko na brashi ngumu anachora nyufa za gome kabla halijakaza, huku akitazama picha za mti wa kweli. Mahali pengine anatumia kalibu ya mpira, iliyopakwa juu ya mti hai ikabanduliwa na kila kovu lake. Rangi huja mwisho, nyembamba, tabaka juu ya tabaka: kijivu, kahawia, kisha kijani cha kuvumwani, nacho hupakwa upande ule tu ambao maji ya mvua yangetiririka. Kuujua upande huo ni elimu.

Miti ya namna hii imesimama Congo Gorilla Forest, sehemu iliyofunguliwa mwaka 1999 kwenye ekari 6.5 katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Humo wamo gorila, okapi na mbega. Wabunifu wake walifuata njia iliyofunguliwa Seattle, katika bustani ya Woodland Park, mwishoni mwa miaka ya 1970: msitu usiishie kwa mnyama, umzunguke na mgeni pia.

Mtunza bustani ana mtihani wake. Baridi ya New York huua mimea ya tropiki, kwa hiyo hutafutwa mimea ya majani mapana inayovumilia theluji, ikapandwa kwa kusongamana. Gorila hung'oa na kula apendacho. Mche unaotakiwa kukua hulindwa kwa waya wa umeme hafifu uliofichwa ndani ya mtambaazi wa bandia.

Njia ya wageni hupindwa ili kundi moja lisilione jingine. Kioo huinamishwa kidogo na upande wa watu hutiwa kivuli, mtu asijione usoni mwa mnyama. Tena kioo hicho hushushwa hadi karibu na sakafu, mtoto mdogo aone bila kubebwa, na njia haina ngazi za kumzuia bibi mwenye mkongojo. Napenda zaidi chumba cha sinema: filamu fupi ya msituni ikiisha, pazia hufunguka, na nyuma ya kioo wamo gorila wenyewe.

Kiingilio cha Congo Gorilla Forest kilipangwa tangu mwanzo kisaidie uhifadhi wa Afrika ya Kati, na mgeni aliruhusiwa kuchagua kwenye skrini mradi wa kupokea fedha yake.