Mikono Iliyo Nyuma ya Pua ya Panya Buku

Kabla jua halijapanda juu ya Milima ya Uluguru, wakufunzi wa APOPO, shirika linalofunza panya kusaka mabomu ya kutegwa ardhini, huwa wameshafika kwenye uwanja wa mazoezi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Panya buku ni mnyama wa usiku. Jua humuunguza, ndiyo maana hupakwa mafuta ya kujikinga masikioni na mkiani kabla ya kazi. Kisha huvishwa mkanda kifuani, mkanda unafungwa kwenye kamba iliyovutwa kati ya watu wawili, naye anaanza kwenda huku na huko, pua chini. Akiisikia harufu ya TNT, kilipuzi cha mabomu, iliyofukiwa, hukwaruza ardhi kwa miguu ya mbele. Klik! Kidude kilichomo mkononi mwa mkufunzi kimelia, na panya anakimbilia ndizi yake.

Sifa za kazi hii zimemwendea panya, na anazistahili. Magawa, panya buku mzaliwa wa Morogoro, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020 baada ya kusaka mabomu ya kutegwa ardhini huko Kambodia. Alipofariki mwaka 2022 alikuwa ameshagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Lakini waliomlea na kumfunza, ni watu wachache wanaowajua.

Nao ndio mafundi hasa, maana mkufunzi hufundisha harufu ambayo yeye mwenyewe haisikii. Hana chupa ya kuonja wala kipimo cha kusoma. Ana mwili wa panya tu: shingo iliyokaza ghafla, hatua iliyosita, kichwa kilichorudi nyuma kidogo kuhakikisha. Kosa lake kubwa ni kuchelewa. Panya anayechunguza kitu hunusa mara kadhaa katika sekunde moja, hivyo klik ikichelewa kidogo tu, pua imeshahama, na ndizi inamlipa kwa mahali pengine kabisa.

Kwa nini mnuso mmoja tu uwe na uzito kiasi hicho? Jibu liko kwenye njia ya harufu kuelekea ubongoni. Ndani ya pua, kila seli ya neva ya kunusa kwa kawaida hubeba aina moja tu ya kipokezi. Linda Buck na Richard Axel walichapisha ugunduzi wa jamii ya vipokezi hivyo mwaka 1991 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Seli zenye kipokezi cha aina moja hupeleka nyuzi zake kwenye vifundo vilevile vya balbu ya kunusia, iliyo mbele ya ubongo. Harufu ikiongezeka nguvu, seli nyingi huitika mapema zaidi katika kila mvuto wa pumzi. Ikidumu bila kubadilika, seli hizo huanza kuchoka, kwa sababu kalsiamu inayoingia ndani ya seli hupunguza wepesi wake wa kuitika. Kwenye balbu nako kuna seli zinazozituliza nyingine, ili harufu kali isifunike kila kitu.

Uchovu huo wa pua tunaujua nyumbani: mgeni akiingia nyumba iliyofukizwa udi, hugundua pale pale mlangoni. Mwenyeji aliyeketi humo tangu asubuhi hasikii kitu.

Majaribio kwa panya wadogo wa maabara, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha jambo la kuvutia zaidi: baadhi ya seli za balbu huitikia badiliko la nguvu ya harufu kati ya mnuso mmoja na unaofuata. Yaani ubongo huanza kulinganisha mapema sana, hapo hapo kwenye kituo chake cha kwanza.

Ardhini, ulinganisho huo si anasa. Kemikali za bomu huvuja polepole, hushikwa na udongo, hubadilika na unyevu, na mara nyingine harufu huwa kali pembeni kuliko juu ya bomu lenyewe. Panya hutafuta mahali harufu inapopanda na inapofifia. Ndiyo maana mafunzo, ambayo huchukua takriban miezi tisa, huenda hatua kwa hatua: kwanza mlio na chakula, halafu harufu ya TNT kati ya matundu kadhaa, kisha boksi la udongo, na mwishowe uwanja wenye mabomu halisi yaliyoondolewa uwezo wa kulipuka.

Kuna hatari moja ambayo mgeni hawezi kuifikiria. Panya ni mjanja wa kumsoma binadamu. Mkufunzi anayejua bomu lilipo anaweza kusita kwa unyayo tu, na panya akajifunza unyayo badala ya TNT. Kwa hiyo mtihani wa mwisho hufanyika mkufunzi mwenyewe akiwa hajui kilipofukiwa kitu. Anayefaulu husafirishwa, na akifika nchi kama Kambodia huanza upya kuzoea udongo wa huko na mikono mingine, kisha hupimwa tena kabla ya kuruhusiwa kukanyaga uwanja wa kweli.