Maisie na nyumba mbili

Jumapili jioni mwanangu akirudi kutoka kwa baba yake, maswali hunijia mdomoni kabla hata hajavua viatu. Ulilala saa ngapi? Kulikuwa na nani? Wiki hizi nimejizuia, na aliyenizuia ni Henry James, mwandishi ambaye, niseme ukweli, hunichosha kwa sentensi zinazozunguka kama daladala inayotafuta abiria.

Riwaya yenyewe ni What Maisie Knew, ya 1897. Beale na Ida Farange wa London wameachana, na mtoto wao anagawanywa: miezi sita huku, miezi sita kule. Kila mmoja anamtaka ili amkomoe mwenzake. Maisie anageuzwa mbeba matusi. Anayafikisha kama alivyopewa, bila kujua uzito wake.

Kisha anagundua kwamba anaweza kunyamaza. Akiulizwa habari za nyumba ya pili anajifanya hajui kitu, mpaka wanamwona zuzu. Hapo niliweka kitabu chini. Unaweza kuusoma ukimya huo kama ushindi wa mtoto, na kweli unamwokoa. Ila mimi niliogopa. Mtoto aliyezoea kuficha ya kule hatakwambia hata lile ambalo lazima ulijue. Mwangalie anavyocheza na mwanasesere wake, Lisette: naye anamnyima majibu, vilevile watu wazima wanavyomnyima yeye. Jamani, ukurasa ule unauma.

Nina ugomvi na James, hata hivyo. Wazazi wake ni wabaya mno. Baba anamuoa mwalimu wa mtoto, mama anaolewa na Sir Claude, halafu hao wazazi wapya nao wanapendana! Watu wa hivyo ni rahisi kuwahukumu. Mzazi mwenzangu si Beale. Ni mtu tu anayemwachia mtoto tivii mpaka usiku wa manane, na ana marafiki nisiowajua. Kwa wasiwasi mdogo wa namna hii riwaya haina pa kukushika, na sikumbuki mahali ambapo Beale na Ida wanakaa wenyewe kwa wenyewe wakaulizana kuhusu binti yao. Kila kitu kinapitia kwake.

Jumatatu nikampigia baba yake mwenyewe. Mazungumzo yalikuwa makavu. Kuhusu marafiki alisema tutaongea. Kuhusu kulala, saa tatu, akasema, sawa, saa tatu. Mtoto alikuwa chumbani anachora.