Mkono Uliozionesha Seli za Kinga za Ubongo

Kipande cha ubongo, kikikatwa chembamba na kuwekwa chini ya darubini bila kutiwa rangi, hakioneshi kitu ila ukungu. Ndiyo maana historia ya elimu ya ubongo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliojua kutia rangi. Kati yao simwoni wa kumzidi Mhispania Pío del Río Hortega, aliyezaliwa mwaka 1882.

Mjini Madrid alifanya kazi chini ya Santiago Ramón y Cajal, mshindi wa Nobel wa mwaka 1906. Cajal alikwisha kuzionesha seli za neva, na zile zenye umbo la nyota zinazozizunguka. Zilizobaki hazikukubali rangi zake, naye akaziweka zote katika kundi moja la tatu. Hortega akazitafutia rangi yake. Ubongo unalowekwa katika fomalini yenye bromidi ya amonia, unagandishwa, unakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vinazamishwa katika kabonati ya fedha iliyotiwa amonia, kisha fomalini hafifu inaifanya ile fedha iwe nyeusi. Kueleza ni rahisi. Kutenda ni kazi nyingine. Amonia ikizidi, muda ukipita kidogo, ubongo ukikaa siku zisizofaa kabla ya kukatwa, unachopata ni weusi mtupu au usionekane weusi wowote. Jicho na kidole ndivyo vilivyokuwa mizani yake.

Mwaka 1919 alitangaza alichokiona: seli ndogo zenye matawi mengi membamba, akaziita maikroglia. Akasema huingia ubongoni kutoka nje wakati kiumbe kinakua, hutembea, hubadili umbo penye jeraha na kumeza mabaki. Hapa ndipo ninapovutiwa zaidi, kwa sababu kila alichokitazama kilikuwa kimekufa. Alisoma mwendo katika vitu vilivyotulia, kwa kulinganisha kipande na kipande, umri na umri, hadi mfuatano ukajionesha wenyewe.

Malipo yake hayakuwa makubwa. Mwaka 1920 aliondolewa katika maabara ya Cajal, baadaye vita vya Hispania vikamfukuza nchini, na mwaka 1945 akafia Buenos Aires.

Wengine ndio waliokuja kuthibitisha maneno yake. Mwaka 2005 Axel Nimmerjahn na wenzake walitazama ubongo wa panya aliye hai kupitia fuvu lililopunguzwa unene, wakakuta matawi ya maikroglia hayatulii hata pasipo ugonjwa. Kimshipa kikijeruhiwa, yanakielekea ndani ya dakika chache. Mwaka 2010 kundi la Florent Ginhoux na Miriam Merad lilionesha kwamba chanzo cha seli hizo ni kifuko cha kiini (yolk sac) cha kiinitete, nje ya ubongo. Kisha Beth Stevens na Dorothy Schafer, mwaka 2012, wakaonesha kuwa katika ubongo mchanga maikroglia huzimeza sinapsi zisizotumika sana, yaani viungo vya kupashana habari kati ya neva. Huku Maruku, mkoani Kagera, kazi hiyo haihitaji maelezo marefu: machipukizi ya mgomba yasipopunguzwa, shina zima hudhoofika na mkungu huwa mdogo. Tangu hapo wachunguzi wa ugonjwa wa Alzheimer wanauliza kama mkono huohuo wa kupunguza huamka vibaya uzeeni.

Kwa Kagera, habari ya seli hizi si ya mbali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, ugonjwa ambao watu waliuita Juliana. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulioongozwa na Japhet Killewo ulikuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba Mjini wana virusi. Wakati huohuo, mwaka 1986, watafiti wa Marekani walivikuta virusi ndani ya seli za kinga za ubongo za waliofariki. Maikroglia huishi miaka mingi, na mlinzi aishiye hivyo, akiingiliwa, huwa maficho ya kudumu.

Mwaka 2023 watafiti wa North Carolina na San Diego walitoa ushahidi ulio wazi. Watu waliokuwa wakitumia dawa vizuri, wenye damu isiyoonesha virusi, walikubali kabla ya kufa kwamba miili yao ichunguzwe mara baada ya kifo. Maikroglia zilitengwa kutoka katika ubongo wao, na ndani yake vikapatikana virusi vyenye uwezo wa kuzaliana upya. Ustadi wa kuitenga seli moja hai na jirani zake, saa zikikimbia, unastahili heshima ileile anayopewa Hortega, na waliojitoa wanastahili zaidi.

Ndugu msomaji unayemeza dawa za kufubaza virusi, kipimo kikisema havionekani, furahi, kwa kuwa dawa inafanya kazi. Lakini usiiache.