Nusu Iliyosema Ndiyo Lakini Haikufika: Uhakiki wa Mpango wa Chanjo ya Kipindupindu Zanzibar, 2009

Makada wetu wamezoea kuchambua mpango wa korosho, mpango wa pamba na bajeti ya serikali. Mpango wa chanjo ni nadra kuletwa katika darasa la siasa, kana kwamba majokofu na dozi ni mambo ya daktari peke yake. Huo ni upungufu wa nadharia. Mpango wo wote unaotaka kuufikia umma mzima kwa siku chache ni mpango wa siasa, maana hapana budi ujibu maswali ya siasa: nani anawajua watu, nani anawaita, na wakiitwa waache kazi gani ili waje? Hapa tutachambua kampeni moja ambayo hesabu zake ziko wazi, tuone wapangaji walifaulu wapi, na nusu ya umma iliwaponyoka vipi.

Kampeni yenyewe ni ile ya kipindupindu iliyofanyika Zanzibar mwezi Januari na Februari 2009. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, nayo hupanga chanjo kama inavyopanga nchi ndogo ya visiwa: bahari iko katikati ya Unguja na Pemba, bajeti ni finyu, na chanjo yenyewe hutengenezwa ng'ambo. Wizara, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo yenye makao yake Korea Kusini, ilichagua maeneo sita. Miongoni mwake yalikuwamo Chumbuni, pembezoni mwa mji wa Unguja, na Mwambe, kijiji cha kusini Pemba. Chanjo ilikuwa ya kunywa, dozi mbili, bila malipo. Watoto wa chini ya miaka miwili na akina mama wajawazito hawakuhusishwa. Waliostahili walihesabiwa wakawa 48,178. Waliokunywa dozi zote mbili ni 23,921, yaani nusu.

Kwanza tuwape wapangaji haki yao. Waliwafuatilia watu wa maeneo hayo mpaka Mei 2010, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba chanjo iliwakinga waliokunywa kwa kiasi cha asilimia 79. Tena ikaonekana kwamba hata wasiokunywa walipata kinga fulani, ikiwa walikaa mahali ambapo majirani wengi walikuwa wamekunywa. Madaktari huiita hali hiyo kinga ya jumuiya. Kwa mwanafunzi wa siasa jambo hili ni tamu sana, kwa sababu ni ushahidi wa utafiti kwamba afya ya mtu haiishii kwenye ngozi yake: jirani akinywa, mimi nimesitirika. Basi isisemwe kwamba tunaibeza kazi iliyofanyika. Ni kazi kubwa, iliyopimwa kwa uaminifu, na ndiyo maana tunaweza kuikosoa. Kampeni zisizopimwa hazikosoleki; husifiwa tu kwenye majukwaa.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili. Kabla ya kampeni watafiti waliwauliza watu wazima wa Chumbuni na Mwambe kama wangeikubali chanjo hiyo ikitolewa bure. Zaidi ya tisa katika kila kumi walijibu ndiyo. Siku ilipofika, walioonekana ni nusu. Watu 24,257 katika maeneo yote sita ama hawakunywa kabisa ama walikunywa mara moja wasirudi.

Maelezo ya haraka, ambayo ndiyo hupendwa maofisini, ni kwamba wananchi hawajaelimika. Waongezewe vipaza sauti na mabango. Lakini maelezo hayo hayapatani na hesabu. Umma ulikwisha kusema ndiyo. Bila shaka wako walioingiwa na hofu baadaye, na wako waliobadili nia. Hata hivyo, mtu anayekubali jambo kwa maneno halafu asitokee kituoni, mara nyingi kizuizi chake hakimo kichwani. Kimo katika siku yake.

Tuitazame siku hiyo. Mvuvi wa Pemba huenda dago; hukaa kambi mbali na kijiji chake kwa majuma, akifuata samaki. Akipigiwa mbiu ya chanjo kijijini kwake, yeye yuko kisiwa kingine. Mama mkulima wa mwani hufanya kazi yake wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na shamba kuonekana. Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi. Mpangaji akiweka duru ya kwanza katika siku za bamvua, na duru ya pili wiki mbili baadaye, atakuwa amemkosa mama huyo mara mbili bila kujua amefanya nini. Naye mama akilazimika kuchagua kati ya foleni na mwani, atachagua mwani, kwa sababu maji hayamngojei mtu. Kalenda ya wizara ina Jumatatu na Ijumaa. Kalenda ya wavuja jasho wa pwani ina bamvua na maji mafu. Kosa la namna hii halihitaji fedha kulirekebisha. Linahitaji mtu mmoja anayejua maji awepo kwenye kikao kabla tarehe hazijaandikwa.

Msomaji wa Dar es Salaam asidhani haya ni ya visiwani tu. Hapa Mchikichini marobota ya mitumba hufunguliwa alfajiri, na anayechelewa huondoka na nguo mbovu. Kituo cha chanjo kinachofunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri kimepangwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara na ruhusa. Muuza mitumba hana wa kumwomba ruhusa; akifunga meza yake, siku imepotea. Tulikwisha kuona jambo hili kwa macho. Julai 2021 nchi ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya UVIKO-19, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua uchanjaji tarehe 28 mwezi huo kwa kuchanjwa hadharani. Mwanzoni vituo vilikuwa vile vile vya afya, na watu walikuja kwa kusuasua. Kweli, palikuwa na sababu nyingine nzito: mpaka mapema mwaka huo serikali yenyewe ilikuwa ikiitilia shaka chanjo, na shaka inayotoka juu haifutiki kwa hotuba moja. Lakini mabadiliko ya mbinu yalikuwa na uzito wake. Ulipokuja Mpango Shirikishi na Harakishi, wachanjaji walitoka wakafuata watu masokoni, kwenye vituo vya mabasi na majumbani. Mwisho wa 2022 sehemu kubwa ya watu wazima ilikuwa imechanjwa. Meza ilipohamia penye watu, watu waliochukuliwa kuwa wakaidi walichanjwa.

Historia yetu ina somo la zamani zaidi. Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kuhara na kichocho, kisha wakaondoka kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Tusiipambe kupita kiasi. Viko vyoo vilivyochimbwa ili viongozi wa wilaya wavione, vikaachwa vikaporomoka. Lakini utaratibu wake ulikuwa sahihi: kikundi kilijadili kwanza, kikaamua nini kifanyike mtaani kwake, ndipo jembe likashikwa. Katika kampeni nyingi za chanjo utaratibu umepinduliwa. Tarehe huamuliwa juu, vituo huamuliwa juu, na umma huletewa tangazo. Huo huitwa uhamasishaji, nao ni jina zuri kwa jambo dogo.

Mfano mwingine ni wa kisiwa. Mwaka 1962 Kuba iliwachanja watoto zaidi ya milioni mbili dhidi ya ugonjwa wa polio, kwa chanjo ya matone kutoka Urusi ya Kisovieti. Orodha ya watoto iliandikwa mtaa kwa mtaa na Kamati za Kutetea Mapinduzi zilizoundwa mwaka 1960. Jirani aliyekuwa akiijua nyumba ndiye aliyejua mtoto gani amelala ndani. Nchi maskini, iliyokwisha kuwekewa vikwazo na jirani yake mkubwa, ikaikomesha polio kwa muda mfupi kuliko nchi nyingi tajiri.

Lakini kada makini hataishia kupiga makofi. Kamati zile zilikuwa pia macho ya dola, na daftari la watoto lilikaa katika mikono ile ile iliyoandika nani ni mpinzani. Kwa Zanzibar jambo hili si la nadharia. Mtu wa kwanza kutajwa katika mpango wo wote wa shehia ni sheha. Sheha huteuliwa, hachaguliwi na wakazi. Ndiye anayemtambulisha mkazi anapotaka kitambulisho au anapotaka kuandikishwa kupiga kura, na mwaka ule ule wa 2009 uandikishaji wapiga kura uliwasha moto wa ugomvi Pemba, miezi michache baada ya chanjo. Sisemi kwamba hilo ndilo lililowazuia watu wasinywe. Nasema kwamba mpangaji anayemkabidhi sheha daftari la chanjo bila kujiuliza wakazi wanamwonaje, amepanga kwa ramani ya utawala tu. Wapo wakunga, walimu wa madrasa, viongozi wa vikoba na manahodha wa ngalawa, ambao kila mtu kijijini huwafungulia mlango pasipo kuuliza chama. Kuwatumia hao hakulipunguzii Chama cho chote heshima. Kinachokipunguzia heshima ni mtoto kukosa dozi kwa sababu baba yake hasalimiani na mwenye daftari.

Imebaki hoja ya maji, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Chanjo iliyotumika 2009 hainywewi kavu. Huchanganywa na unga unaopoza asidi ya tumbo, katika maji safi, mililita 150 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto mdogo. Tupige hesabu: watu 48,178, mara mbili kila mmoja, ni lita zisizozidi 15,000 za maji safi na salama. Wapangaji walikuwa tayari kuyapata, wakayapeleka penye watu, kwa sababu bila hayo dozi haifai kitu. Basi fikiri, ndugu msomaji, juu ya mama wa Chumbuni anayepewa bilauri ya maji safi ili anywee dawa ya kumkinga na ugonjwa unaoletwa na maji machafu, kisha anarudi nyumbani kwenye kisima kile kile. Akiuliza, "Na kesho?", ni nani kituoni aliye na jibu?

Wako wanaoruka kutoka hapo wakadai kwamba chanjo ni kiini macho cha mashirika ya nje na kwamba tungengoja mabomba. Hao wanakosea, tena kosa lao ni la hatari. Mabomba huchukua miaka na kipindupindu huua kwa saa chache. Kilifika Zanzibar mwaka 1978 na kimekuwa kikirudi tangu hapo. Agosti 2015 kililipuka hapa Dar es Salaam, Septemba kikawa kimevuka bahari, na hadi katikati ya 2016 Zanzibar ilikuwa imeandika wagonjwa zaidi ya 4,000. Kinga ya chanjo ile ya 2009 hupungua baada ya miaka michache, kwa hiyo hata nusu iliyokunywa ilikuwa imekwisha kurudi pale pale ilipoanza. Hapo ndipo uhusiano wa mambo haya mawili unapoonekana. Chanjo inanunua muda, na muda ulionunuliwa 2009 ulikuwa wa kuchimba visima na kujenga vyoo. Sehemu kubwa ya muda huo ilipita bila kutumiwa.

Baada ya mlipuko huo Zanzibar iliandika mpango wa miaka kumi wa kutokomeza kipindupindu, kuanzia 2018 hadi 2027, ambao unaweka maji, usafi wa mazingira, ufuatiliaji wa wagonjwa na chanjo katika kabrasha moja. Ni hatua mbele, na ukomo wake umekaribia. Makada wa Unguja na Pemba waupate, wausome kwa sauti katika mikutano ya shehia, na waulize mbele ya watu: hapa kwetu kisima kipi kimetengenezwa na kipi bado, daftari la chanjo linashikwa na nani, tarehe za duru zimelinganishwa na bamvua au hapana, na kituo kitafunguliwa saa ngapi kwa ajili ya waliorudi kutoka baharini.