Je, Kodi Huua Sadaka?

Katika kitabu chake The Tragedy of American Compassion, kilichotolewa mwaka 1992, Marvin Olasky ashikilia kwamba misaada ya serikali ya Marekani ilidhoofisha huruma ya Wakristo, ambao zamani walimhudumia maskini ana kwa ana. Kwa kuwa twasikia hoja ya namna hiyo hata katika vikao vya sharika zetu, yafaa tuipime.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Uchunguzi wa wanauchumi Jonathan Gruber na Daniel Hungerman, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba mipango ya misaada ya Rais Roosevelt katika miaka ya 1930 ilipunguza matumizi ya makanisa kwa ajili ya wahitaji kwa asilimia 30 hivi. Hapa Olasky amepata shahidi. Lakini shahidi huyo huyo ana neno la pili: upungufu huo ulikuwa sawa na asilimia 3 tu ya fedha zilizotumiwa na serikali. Kama serikali isingetoa dola 100, makanisa yangeongeza dola 3. Je, maskini angezipata wapi 97 zilizobaki?

Udhaifu mwingine ni wa kitheolojia. Olasky aitazama kodi kama mpinzani wa upendo. Sivyo walivyoona wazee wetu wa Matengenezo. Mwaka 1523 mji wa Leisnig, Ujerumani, uliweka hazina ya pamoja, na Luther akauandikia utaratibu wake dibaji. Humo iliagizwa kwamba mapato yasipotosha kuwatunza maskini na mahitaji mengine, wakazi watozwe mchango wa kila mwaka kadiri ya uwezo wao. Sadaka ya hiari na tozo viliwekwa katika sanduku moja.

Hata hivyo, ile asilimia 30 yatuhusu sisi wachungaji. Tangu makubaliano ya mwaka 1992 baina ya serikali ya Tanzania na makanisa kuhusu afya na elimu, ni rahisi Mkristo kudhani kwamba hospitali ya kanisa yenye ruzuku haimhitaji tena. Tusiilaumu ruzuku. Tuwasomee washarika hesabu: serikali imelipa nini, na ni mgonjwa gani bado hana wa kumlipia. Asiyeambiwa upungufu atatoaje?