Ukuta wa Mvua Tatu, Bajeti ya Mwaka Mmoja

Chukua lita 20 za mchanga wa mto mkavu, utie kwenye ndoo, kisha mimina maji mpaka mchanga ushibe. Toboa ndoo chini na uyakinge yanayochuruzika. Ikiwa chembe za mchanga ni kubwa, utapata karibu lita 7. Ikiwa ulichochota ni tope lililokauka na kusagika, utapata lita moja hivi. Mengine yatang'ang'ania humo humo na hakuna atakayeyanywa. Ndivyo wahandisi kama Erik Nissen-Petersen, aliyejenga na kuandika kuhusu maji ya Ukambani kwa miaka mingi, walivyofundisha watu kuukagua mto kabla ya kuweka hata jiwe moja. Asilimia 35 kwa mchanga mkubwa, asilimia 5 kwa tope. Ubishi wote kuhusu mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni, wa wasomi na wa wanasiasa, ukiuchimba sana utaikuta ndoo hii chini yake.

Mtito Andei, huko Makueni, ni mahali pazuri pa kuuelewa ubishi huo. Msafiri wa Mombasa anaujua mji huu kama kituo cha chai na mafuta, katikati ya safari. Anayeishi hapa anaujua kwa ukavu wake. Upande mmoja ni Tsavo, upande mwingine ni mashamba ya mtama, pojo na mbaazi, na ukivuka Mto Athi umeingia Kitui. Mvua ya kutegemewa ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Ile ya masika huja ikipenda. Visima virefu vinachimbwa, lakini vingi katika nyanda hizi hutoa maji ya chumvi. Kilichobaki ni mito ya msimu, ambayo hufurika kwa saa chache kisha ikawa barabara ya mchanga mpaka mvua nyingine.

Bwawa la mchanga hutumia hiyo hiyo tabia ya mto. Ukuta wa mawe na saruji unajengwa kukingama mto, msingi wake ukikalia mwamba na mabawa yake yakiingia ndani ya kingo. Mafuriko yakija, mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta. Matope mepesi yanapita juu na kwenda zake. Nafasi kati ya chembe hujaa maji. Chini ya kina cha sentimita 60 hivi jua halina nguvu tena ya kuyakausha, na mchanga wenyewe unayachuja. Kingo nazo hunywa, ndiyo maana miti ya kando ya bwawa zuri huwa na majani wakati vichaka vya mlimani vimebaki vijiti.

Si teknolojia ngeni. Serikali ya kikoloni, kupitia bodi yake ya ustawi wa ardhi ya Waafrika, ALDEV, ilijenga kuta za aina hii Ukambani miaka ya 1950. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni, Machakos, walianza upya kwa mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kufanya kazi kwa pamoja. Kisha shirika la SASOL, lililoanzishwa Kitui mwaka 1990, lilishika kazi kwa kasi kuanzia 1995 na kujenga zaidi ya mabwawa 500. Wanakijiji walileta mawe, mchanga, maji na mikono; shirika likaleta saruji na fundi.

Watafiti walifuata ujenzi, hawakuutangulia, na hilo kwangu ndilo jambo la kwanza la kuzingatia. Kuta zilikuwa zimeshasimama walipofika wataalamu wa Vrije Universiteit ya Amsterdam na wenzao kupima kina cha maji katika bonde la Kiindu huko Kitui. Walijibu swali ambalo kila afisa wa serikali huliuliza, na ana haki ya kuliuliza: je, anayezuia maji huku juu hamwibii wa chini? Hesabu zao zilionyesha kwamba mabwawa yote yale yalikuwa yakishika sehemu ndogo tu ya mafuriko. Sehemu kubwa iliendelea kwenda baharini. Mwaka 2016 Catherine Ryan na Paul Elsner wakatumia picha za setilaiti za miaka mingi na kuona kwamba uoto kwenye maeneo yenye mabwawa hubaki hai zaidi, na huinuka haraka zaidi baada ya ukame, kuliko kwenye maeneo ya kulinganisha yasiyo na mabwawa.

Habari njema zilisafiri upesi. Habari chungu ya 2015 haikusafiri hivyo. Josep de Trincheria na wenzake, Nissen-Petersen akiwa mmojawao, walichunguza mabwawa ya kusini-mashariki mwa Kenya na kukuta kwamba mengi yamejaa tope badala ya mchanga. Walinyooshea kidole namna ya kujenga. Ukuta wa mita 3 ukisimamishwa wote kwa mkupuo mmoja, mto unageuka dimbwi lililotulia, na ndani ya maji yaliyotulia hata tope jepesi hutua. Dawa yake ni kupandisha njia ya maji ya juu ya ukuta hatua kwa hatua, kama sentimita 30 kila mara, ukingoja mafuriko yajaze mchanga kabla ya kuongeza. Mto unabaki na mbio za kutosha kulifukuza tope. Ukuta wa namna hiyo haukamiliki kwa msimu mmoja.

Wakati huo huo Makueni ilikuwa ikitunga sheria. Kaunti zilianza kazi 2013 chini ya katiba ya 2010, na gavana wa kwanza wa Makueni, Kivutha Kibwana, alikuwa profesa wa sheria. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha mambo mawili ambayo kwa kawaida husimuliwa kila moja peke yake, nami nayaona ni jambo moja. La kwanza ni sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, pamoja na mamlaka ya kuisimamia. Ujenzi wa Nairobi ulikuwa ukimeza mito ya Ukambani lori kwa lori, na watu walikuwa wameshapoteza maisha katika magomvi ya mchanga. Mabwawa haya yasingekuwa na maana bila sheria hiyo: kadiri bwawa linavyofanya kazi vizuri ndivyo linavyokusanya mchanga mkubwa, safi, ambao ndio hasa mwenye lori anautafuta.

La pili ni kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi, za kwanza kwa kaunti yoyote Kenya, zilizotenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Kitui ilifuata kwa sheria yake mwaka 2018. Mfumo huo, uliokuzwa pamoja na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame na washirika wake, uligawa fedha hivi: 70 katika kila 100 kwa miradi inayochaguliwa na kamati za wadi, 20 kwa miradi ya kaunti nzima, 10 kwa uendeshaji. Idara ya Hali ya Hewa nayo ikaingia na utabiri uliopangwa kwa ngazi ya kaunti. Hapo ndipo mtafiti na mtunga sera walipokutana kweli. Semina za hotelini zimekuwa nyingi, lakini mezani kwa kamati ya wadi ndipo mzee anayejua mto ulikojaa mwaka wa El Niño anakaa na afisa mwenye ramani, na wote wawili wana pesa za kuamulia.

Kwa Mtito Andei meza hiyo inahitaji kiti kimoja zaidi, cha Huduma ya Wanyamapori, KWS. Ndovu huchimba mchanga wa mto kutafuta maji kama binadamu afanyavyo. Katika ukame wa 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Ukiweka bwawa zuri kati ya mbuga na shamba la mtama umewaalika. Ukiliweka juu zaidi, mbali na mpaka wa mbuga, unapunguza ugomvi, ila nao watakosa maji. Kipimo cha ndoo hakiwezi kulijibu swali hilo, na wahandisi wangefanya vyema kulikubali mapema.

Lakini kikwazo kikubwa ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Pesa za mradi hutolewa, zabuni hutangazwa, mkandarasi hujenga, cheti cha kukamilika hutiwa sahihi. Mkaguzi wa hesabu anataka kuona ukuta mzima. Ripoti ya de Trincheria inataka aone sehemu tu ya ukuta, arudi baada ya vuli, arudi tena baada ya masika. Mkandarasi hawezi kulipwa kwa kungoja mafuriko, na mwakilishi wadi hawezi kuzindua kipande cha ukuta. Basi ukuta hupandishwa wote kwa mara moja, na tope hutua.

Njia ipo, na haihitaji sheria mpya. Zabuni inaweza kuishia kwenye msingi, mabawa na hatua ya kwanza ya ukuta, vikaguliwe na kulipiwa kama kazi iliyokamilika. Hatua zinazofuata ni mifuko michache ya saruji na siku chache za fundi, kiasi ambacho kinaweza kuandikwa chini ya matengenezo katika bajeti mbili zinazofuata, huku mawe na nguvu zikitoka kwa mwethya kama zamani. Mabwawa ya awali ya Utooni yalitegemea mikono hiyo hiyo. Kabla ya kila hatua, kamati ichote mchanga nyuma ya ukuta na ipime kwa ndoo. Zikitoka lita 7, ukuta unapanda. Ikitoka lita moja, saruji inabaki stoo na pesa zinahamia kwenye matuta ya fanya juu kule mlimani, ambako tope linatoka.