Harry James Anarudia Nyimbo Zake Mwenyewe

Wengi wetu tulikutana na Harry James bila kujua jina lake. Mwisho kabisa wa Avengers: Endgame, Steve na Peggy wakicheza densi nyumbani, ile tarumbeta ni yake. Anayeimba ni Kitty Kallen, na rekodi ni ya 1945. Mimi niliitafuta, nikaendelea kuchimba, nikafika kwa albamu ambayo sasa siachi kuiskiza: Harry James in Hi-Fi, iliyotolewa na Capitol mwaka 1955.

Si nyimbo mpya. Ni jamaa anayekaribia miaka 40 amerudi studio kurekodi upya vibao vilivyompa jina kule Columbia. Ndiyo, kama vile Taylor Swift alivyofanya, ila sababu ni tofauti. James alikuwa amehamia kampuni nyingine, na wakati huo kila mtu Marekani alitaka gramafoni ya hi-fi. Nyimbo za zamani zilikuwa kwenye santuri za dakika tatu hivi, zenye mkwaruzo. Capitol waliona soko hapo. Kwa hivyo niliingia na shaka: hii ni muziki, ama ni tangazo la spika?

"Trumpet Blues" ilinijibu haraka. Babake James aliongoza bendi ya sarakasi, na kijana alikulia humo, akijifunza kupuliza hadi mtu wa mwisho hemani askie. Kwenye rekodi ya zamani, tarumbeta zinaungana kama wingu moja. Hapa unaskia kila mmoja akivuta pumzi yake, na zote zinakimbia kwa mwendo huo huo wa kichaa bila yeyote kujikwaa. Bana, hiyo ni kazi.

"Ciribiribin", wimbo wake wa utambulisho, unaweza kuuruka. Ni madoido tu. "You Made Me Love You" ndio uliomfanya staa 1941, na pia ndio uliofanya mashabiki wa jazi wamnunie kwa kuutia sukari: sauti inatetema kama ya mtu anayekaribia kulia. Sukari bado ipo, na kwa sauti safi hivi inaskika hata zaidi. Mimi naipenda. Anayetaka chai ya mkandaa aende kwa Miles Davis.

Lakini kilichonishika ni "I've Heard That Song Before". Helen Forrest aliuimba mara ya kwanza mwisho wa Julai 1942, muda mfupi tu kabla chama cha wanamuziki kuanza mgomo wa kurekodi tarehe 1 Agosti. Studio zikanyamaza, na wimbo huo uliowahi dakika za mwisho ukaja kutawala chati 1943. Mwaka huo huo Forrest akaiacha bendi. Kwenye Hi-Fi amerudi. Maneno ni ya mtu anayeskia wimbo aliowahi kuuskia, kumbukumbu zikamrudia. Mwaka 1942 alikuwa anaigiza hisia hiyo. Mwaka 1955 ana miaka kumi na mitatu ya ushahidi. Hasukumi sauti, anaiacha itue, na tarumbeta inasubiri amalize sentensi ndo ijibu.

Kinachokosekana ni jasho. Rekodi za zamani zina haraka ya bendi inayojua ukumbi umejaa watu wanaotaka kucheza. Mwaka 1955 watu hao walikuwa wazazi, na Julai ya mwaka huo Bill Haley alikuwa namba moja na "Rock Around the Clock". Bendi ya James hapa ina adabu nyingi, kila kitu kimepigwa pasi. Kuna mahali natamani mpiga ngoma avunje kitu.

Tafuta "I've Heard That Song Before" ya 1942 kwanza, na mikwaruzo yake yote. Halafu weka ya 1955, spika za masikioni, bila kufanya kazi nyingine. Skiza Forrest anavyoingia.